Wanaopima Maswali

Yunisi alisoma kwa sauti, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kusoma. Katika darasa la jioni la watu wazima, kanisani, walifundishwa kufuata mstari kwa kidole na kulitamka kila neno mpaka mwisho wake, na mtu aliyejua kusoma akiwa tayari ni mama wa watoto haiachi kirahisi njia iliyomfikisha. Kwa hiyo siku ile, ndani ya chumba cha nyuma cha kituo cha afya cha Tunduma, sauti yake ilisikika hadi kwenye benchi la nje.

"Huwa... ninakasirika... haraka kuliko watu wengine."

"Mama, unaweza kusoma kimoyomoyo," alisema Anastazia, msichana wa chuo aliyetoka Mbeya na karatasi zile. "Majibu ni siri yako."

"Nikisoma kimoyomoyo silisikii swali, dada."

Anastazia akacheka, akainuka kufunga dirisha.

Ilikuwa mwaka 2013. Maswali yale yaliandikwa nchi za nje, ili kumtambua mtu ambaye nafsi yake mwenyewe inamsumbua: asiyeweza kukaa na wenzake, anayejichukia, anayewashuku wote, anayelipuka bila sababu. Sasa yalikuwa yametafsiriwa kwa Kiswahili, na kabla madaktari hawajaanza kuyatumia ilitakiwa kuhakikisha kwamba katika Kiswahili nako yanafanya kazi ile ile. Ndiyo maana waliulizwa wagonjwa wa kliniki ya akili, na wakaulizwa pia watu wa kawaida kama Yunisi, ili majibu yao yalinganishwe.

Yunisi hakuwahi kupewa karatasi aijaze mwenyewe. Kadi za watoto zilijazwa na wauguzi, na mkataba wa kiwanja alitia dole gumba. Alikuwa amevaa gauni lake la Jumapili. Kabla ya kushika kalamu alifumba macho akasema, "Bwana, usiniache niandike uongo," naye Anastazia, akidhani anaambiwa yeye, akajibu, "Sawa, mama."

Kila swali lilikuwa na vijumba viwili pembeni, Ndiyo na Hapana. Mengi yalikuwa mepesi. Lililomkalisha ni hili: "Nimewahi kuvunja sheria bila kujuta." Mume wake, Hezron, alinunua sukari Nakonde, upande wa Zambia, ambako bei yake ilikuwa ndogo, akaivusha kwa baiskeli kupitia njia za panya. Yunisi aliishi kwa sukari hiyo. Alikaa na swali mpaka Anastazia akamtazama. Kisha akakumbuka kwamba hakuna jioni aliyopiga magoti bila kujuta, akaweka alama kwenye Hapana, na moyo wake ukatulia.

Lililofuata alilijibu bila hata kufikiri. "Nina wasiwasi kwamba mtu aliye karibu nami atanigeuka." Hapana. Akacheka kidogo, kama mtu aliyeulizwa kama paa la nyumba yake litaruka.

Alipomaliza alipewa soda, nauli na mche wa sabuni.

"Utarudi baada ya wiki mbili," Anastazia alimwambia. "Tutakuuliza maswali haya haya."

"Haya haya? Kwani nimekosea?"

"Hakuna kukosea, mama."

Yunisi alirudi nyumbani akiwaza kwamba, kama hakuna kukosea, basi kurudia ni kwa nini.

* * *

Wiki hiyo hiyo Hezron alipoteza mzigo. Watu wa forodha walikuwa wamekaa kichakani, mahali ambapo hawakuwahi kukaa, na wabebaji wake wawili walirudi kwa miguu bila sukari na bila baiskeli. Hezron aliingia ndani asubuhi, akakaa kwenye kiti akiangalia ukuta. Kwenye ukuta kulikuwa na dirisha, na kwenye dirisha kulikuwa na mche wa sabuni.

"Sabuni hii umenunua wapi?"

"Sijanunua, baba Jonasi. Nimepewa kituo cha afya."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Kuna watu wa chuo wanauliza maswali. Wanatoa na soda."

"Soda." Hezron alilitamka neno hilo polepole. "Maswali gani?"

"Ya kawaida tu. Kama nakasirika. Kama nalala vizuri. Kama nina marafiki."

"Na kwa hayo wanakupa sabuni."

Hezron hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikuwa amekulia mpakani, na mpakani anayekuuliza swali huwa tayari anajua nusu ya jibu. Anayekuuliza mara ya pili anatafuta mahali ambapo maneno yako ya pili hayakai juu ya yale ya kwanza, ili akushike hapo. Wabebaji wake aliwafundisha hivyo kabla hajawapa baiskeli. "Ukiulizwa leo, ukiulizwa kesho, jibu ni lile lile. Usiongeze, usipunguze. Aliyeongeza neno moja amekwisha."

Jioni, Yunisi akisonga ugali, Hezron alisimama mlangoni pa jiko.

"Hebu niambie tena. Walikuuliza nini?"

"Nimeshakwambia."

"Niambie tena."

"Kama nakasirika. Kama nalala. Kama nina marafiki. Kama nimewahi kuvunja sheria..."

"Ahaa."

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria.

"Asubuhi hukusema sheria," Hezron alisema.

"Nilisahau. Maswali yalikuwa mengi."

"Ulikumbuka usingizi, ukasahau sheria. Ukawajibu nini?"

"Nilijibu hapana! Baba Jonasi, walikuwa wananiuliza mimi, siyo wewe."

"Wewe una sheria gani ya kuvunja, Yunisi? Sheria ya kusonga ugali?"

Mama yake Hezron, bibi Tabita, alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua maharage. Hakuinua kichwa. "Mimi sijui kusoma," alisema, "na hakuna aliyewahi kukamatwa kwa sababu yangu. Nilisema tangu mwanzo. Mwanamke mzima anakwenda shule jioni, anafuata nini huko?"

"Anafuata Biblia, mama," Yunisi alijibu.

"Na sabuni."

* * *

Mambo hayakuishia jikoni. Jirani yao, Fides, alikuwa amemwona Yunisi siku ile kwenye benchi la kliniki ya akili, maana lilikuwa ndilo benchi pekee lenye kivuli na kila aliyeitwa na Anastazia alingoja hapo. Fides alikwenda na habari hiyo sokoni. Huko akakutana na habari nyingine, kwamba wenye karatasi ni wapelelezi, na kwamba waliojaza ndio walioonyesha njia za sukari. Alishindwa kuchagua kati ya habari hizo mbili, akazieneza zote. Kwa hiyo kufikia Jumapili ya pili mke wa Hezron alikuwa kichaa, tena alikuwa anatoa habari kwa serikali.

Kanisani, Yunisi alipokaa, mama mmoja alimvuta mtoto wake akamhamishia upande wa pili. Wakati wa kushikana mikono ya amani, mwanamke wa mbele yake aligeuka kulia, akageuka kushoto, na nyuma hakugeuka. Jumatatu Yunisi alitandika maandazi yake barabarani kama kawaida. Dereva mmoja wa Zambia alisimama akamsalimia kwa Kibemba, "Mulishani, bamayo," akanunua manne. Wanaomjua walipita.

"Dada Fides," Yunisi aliita, "hata wewe?"

"Mimi nimefanya nini, mama Jonasi? Leo tumbo tu halitaki mafuta."

"Jana umenunua kwa yule wa stendi. Nimekuona."

"Umeniona? Haya. Sasa kaniandike."

Jioni hiyo Yunisi alipiga magoti kando ya kitanda, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe hakuweza kumwombea mume wake. Alianza mara kadhaa. Kila alipofika kwenye jina lake, maombi yaligeuka kuwa mashitaka. Akainuka bila kusema amina, akaenda kumfunika Judith, binti yake mdogo, ambaye hakuwa amejifunua.

Hezron alimngoja sebuleni.

"Nataka hiyo karatasi," alisema. "Uliyoandika kwa mkono wako. Niione. Kama haina kitu, yameisha. Kama hutaileta kabla ya Jumamosi, utapanda lori, lile Fuso la Msangano, ukakae kwa baba yako. Nimeshampigia simu."

"Umempigia baba? Umemwambia nini?"

"Nimemwambia ukweli. Kwamba nina mtu ndani ya nyumba, simwelewi."

"Na watoto?"

Aliyejibu alikuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia. "Watoto wanabaki," ilisema sauti ya bibi Tabita. "Ng'ombe wa mahari walitoka."

* * *

"Wagonjwa wa akili upande ule," mlinzi wa kituo cha afya alimwelekeza kwa fimbo.

"Mimi si mgonjwa. Namtaka yule dada wa chuo."

"Wote husema hivyo. Kaa upande ule."

Alikaa upande ule. Kijana mmoja aliyekuwa akingoja dawa alimsogelea, akamuuliza kwa upole kama naye husikia redio usiku. Yunisi akamwambia hasikii. Kijana akasema, "Una bahati," akampisha akae kwenye kivuli zaidi. Kwa siku kadhaa yeye ndiye mtu wa kwanza aliyempisha.

Anastazia alipomfungulia, alikuwa na macho mekundu ya uchovu.

"Mama, siku yako bado."

"Nimefuata karatasi yangu. Mume wangu anataka kuiona."

"Karatasi siwezi kukupa, mama. Na ningekupa, haina jina, ina namba tu. Ataaminije kwamba ni yako?"

Yunisi alifikiri. Alijua Hezron angeitazama namba ile na kuuliza ni namba ya nini.

"Una haki ya kujitoa," Anastazia aliendelea. "Ukitaka, naichana hapa hapa mbele yako."

"Ukiichana atasema tumeficha ushahidi."

"Ushahidi wa nini?"

Yunisi aliutazama mlango. Anastazia akausogeza mlango mpaka ukabaki wazi kidogo, akashusha sauti. "Mama. Huko nyumbani, mumeo anakupiga?"

"Sasa na wewe unaanza!" Yunisi alisimama. "Kila mtu ananitafutia kitu. Hanipigi. Ananiuliza tu. Ananiuliza asubuhi, ananiuliza jioni, anapima maneno yangu. Kama ninyi."

Anastazia aliketi. Alikuwa binti wa mwalimu wa Vwawa, na alikuja Tunduma akiamini kwamba ugumu wa kazi yake ungekuwa kwenye tafsiri. "Sasa nimeelewa," alisema, kama anayezungumza na meza. "Wanaorudi mara ya pili hawakai. Wanaweka Hapana kutoka juu hadi chini bila kusoma. Jana kuna mzee kaweka Hapana hata palipoandikwa 'Nina angalau rafiki mmoja ninayeweza kumweleza shida.' Nikamuuliza, mzee, huna hata mmoja? Akaniambia, 'Ukitaka kumkamata na yeye, mtafute mwenyewe.'"

Yunisi hakutaka kucheka, lakini alicheka. Kisha machozi yakaja juu ya kicheko, naye akayafuta haraka kwa pindo la kitenge.

"Dada, kwa nini lazima mrudie? Hapa kwetu anayerudia swali anamfunga mtu."

"Hakuna aliyeniambia hilo," Anastazia alisema. Na kwa kweli hakuna aliyemwambia, kwa sababu hakuna mtu wa Tunduma aliyedhani kwamba kuna mahali duniani ambapo si hivyo.

* * *

Ijumaa Hezron alikwenda dukani kwa Athuman kulipia betri. Athuman alikuwa mfanyabiashara kutoka Kondoa, mtu wa swala tano na mdomo usiotulia, na alikuwa pia mnunuzi wa sukari ya Hezron.

"Pole, bwana Hezron. Naona uso umekuwa kama wa mtu wa bima aliyeambiwa alipe."

"Nimepoteza mzigo, shehe. Unajua."

"Najua wako. Wangu unaujua? Na wa Salum? Na wa yule mama wa mnadani? Wamezoa njia zote, kutoka juu mpaka kwenye mto. Askari wamekuja wapya kutoka mbali, hawana shemeji hapa, hawana mjomba. Hawakuhitaji kuambiwa. Walifuata tu matairi ya baiskeli kwenye tope."

Hezron alikuwa akihesabu betri ambazo zilikuwa nne tu. "Mimi nina mtu wangu ninayemshuku."

"Nimesikia. Mkeo." Athuman aliegemea kaunta. "Sasa nikuulize, mwenzangu. Mkeo anaijua njia yangu? Mkeo anaijua njia ya Salum? Ana karatasi ngapi huyo mama, za kuweka mpaka mzima?"

"Walimpa sabuni."

"Wamempa sabuni!" Athuman alipiga kofi kwenye kaunta. "Ndugu yangu, hawa watu wa forodha ninaowajua mimi, wakutoze nusu gunia halafu wakupe sabuni? Kama wameanza kutoa, nipeleke na mimi nikajaze."

Waliokuwa dukani walicheka. Hezron alichukua betri zake akatoka. Njiani alielewa kwamba Athuman amesema kweli, na kuelewa huko hakukumsaidia. Alikuwa ameshampigia simu mkwe wake. Alikuwa ameshasema mbele ya mama yake. Na jambo jingine lilikuwa limemwingia ambalo halikuwa na uhusiano na sukari: mke wake alikuwa amekaa chumbani na mtu, akajieleza, na yeye hajui alisema nini. Miaka yote aliyoishi na Yunisi hakuwahi kudhani kwamba ndani yake kuna mambo ya kujaza karatasi.

* * *

Jumamosi asubuhi Hezron alifunga mizigo ya mke wake kwa mikono yake. Mabunda matatu ya nguo na vyombo, aliyafunga kwa kamba ya manila ile ile ya kufungia magunia, fundo juu ya fundo, namna ambayo gunia likidondoka mtoni halifunguki. Aliyapanga uani. Yunisi alivaa viatu, akamnyonyesha Judith, akamkabidhi kwa bibi yake. Hakuwa analia. Jonasi na mdogo wake anayemfuata walikuwa wametumwa kwa shangazi yao mapema, wasione.

Fuso la Msangano lilikuwa limeegeshwa barabarani, likipakia mbolea, na turnboi, msaidizi wa dereva, alikuwa ameshaambiwa kuna abiria. Hapo ndipo Anastazia alipotokea kwenye uchochoro, mkoba begani, viatu vimejaa tope.

"Hodi hapa. Shikamoo, bibi. Samahani, mama Jonasi hakuja juzi. Nikasema nimfuate."

"Marahaba," alisema bibi Tabita. "Huyu ndiye?"

"Ndiye," alisema Hezron. Alimtazama kutoka viatuni hadi kichwani. Alikuwa ametarajia mtu mkubwa zaidi. "Wewe ndiye unayepima watu akili."

"Hapana, baba. Watu siwapimi. Napima maswali."

"Swali linapimwaje? Lina kilo?"

Anastazia alifikiri. "Una mizani, baba?"

"Nina mizani. Kuna anayefanya biashara bila mizani?"

"Ukiinunua mpya, unaijuaje kama ni nzima?"

"Naweka gunia, naliondoa, naliweka tena."

"Ikisema uzito tofauti?"

"Ni mbovu, nairudisha kwa aliyeniuzia."

"Gunia hulilaumu?"

Hezron alikuna kidevu.

"Nami nafanya hivyo hivyo. Nauliza, nangoja, nauliza tena. Jibu likiyumba, naondoa swali. Mtu simgusi."

"Maneno ya shule," alisema bibi Tabita. Lakini alisogeza mguu kumpa nafasi ya kupita.

Anastazia alitazama mabunda, akatazama viatu vya Yunisi, akaelewa amefika saa gani. "Mama, si lazima. Unaweza kukataa, nami nitaondoka."

"Nitajaza," Yunisi alisema.

"Fuso linangoja," alisema Hezron.

"Lingoje. Nilianza kitu, nakimaliza."

Aliingia ndani, akakaa kwenye kiti kando ya dirisha. Hezron akachukua pampu, akaenda kuinama chini ya dirisha lile lile, kwenye baiskeli ambayo matairi yake yalikuwa yamejaa.

"Huwa... ninakasirika... haraka kuliko watu wengine," sauti ilisema ndani. Kisha mkwaruzo mfupi wa kalamu.

Hezron alisukuma pampu mara moja, akaacha.

Swali likafuata swali. Kama analala. Kama hujiumiza. Kama hujiona mtupu ndani. Hezron alingoja swali la njia. Alingoja ghala. Alingoja jina lake mwenyewe. Lilipokuja swali la sheria aliibana pampu, lakini swali halikuuliza ni sheria gani wala ya nani. Liliuliza kama mtu anajuta, kisha likapita, na yeye akabaki ameinama na majuto yake mwenyewe ambayo hakuna aliyeyauliza.

Baada ya hapo sauti ilisoma, "Nina wasiwasi... kwamba mtu... aliye karibu nami... atanigeuka."

Ikanyamaza.

Ikasoma tena, taratibu zaidi, kama mtu anayesoma jina kwenye msalaba wa kaburi.

Hezron hakuona kitu. Dirisha lilikuwa juu ya kichwa chake. Alisikia kuku, alisikia Fuso likinguruma barabarani, alisikia pumzi ya mke wake. Kisha akasikia kalamu. Mkwaruzo mmoja, mfupi, ambao ungeweza kuwa wa kijumba hiki au kile.

Yunisi alikuwa ameweka Ndiyo. Aliomba asiandike uongo, na hakuandika. Miezi iliyofuata, Mbeya, walipolinganisha majibu ya mara ya kwanza na ya mara ya pili, walikuta kwamba watu wengi wa Tunduma waliofikiri kabla ya kujibu walikuwa wamebadilika kwenye swali hilo. Wakakubaliana kwamba halitulii katika Kiswahili, wakalifuta.

* * *

Anastazia alipoaga, hakutoa sabuni. Alimshika Yunisi mkono kwa mikono yake miwili, akaondoka haraka kwa sababu alijua kuwepo kwake kunaharibu.

Barabarani Fuso lilipiga honi. Yunisi alisimama mlangoni na viatu vyake.

"Mama Jonasi," Hezron alisema. Alikuwa bado ana pampu mkononi. "Ingiza mizigo ndani."

Yunisi hakusogea.

"Nimesema ingiza mizigo. Yameisha."

"Yameisha vipi?"

"Yameisha tu. Nimeona ni maswali ya... ni maswali ya hospitali."

"Umeona au umesikia?"

Hezron aliitazama baiskeli. Bibi Tabita aliacha kumbembeleza mtoto. Juu ya ua, kichwa cha Fides kilikuwa kimetokea, kikijifanya kuanika nguo.

"Mizigo hii nani aliifunga?" Yunisi aliuliza. Hakupaza sauti.

"Si mimi hapa?"

"Basi aliyefunga afungue. Hapa uani. Nguo zangu uziingize mwenyewe, uzirudishe zilipokuwa. Halafu umpigie baba, nikisikia, umwambie ulichokisikia dirishani. Kama ni kazi ngumu, Fuso bado lipo."

"Hee!" alisema bibi Tabita. "Mke anamwamuru mume? Hezron, unasikia? Mwache aende! Nilikwambia kusoma..."

"Mama," Hezron alisema, "nyamaza kidogo."

Hakuwahi kumwambia mama yake neno hilo. Bibi Tabita alifungua mdomo, akautazama uso wa mwanawe, akampa Judith kidole chake anyonye.

Honi ikalia tena. Turnboi akaita, "Abiria wa Msangano! Tunaacha!"

Yunisi alishuka kizingitini, hatua moja kuelekea barabarani. Hapo Hezron akaitupa pampu. Akapiga magoti kwenye tope mbele ya bunda la kwanza, suruali yake safi ya Jumamosi ikaloa, akaanza kulivuta fundo kwa kucha. Fundo halikulegea. Alikuwa amelifunga vizuri, kama alivyofunga kila kitu, ili mtu mwingine asiweze. Fides aliacha kujifanya anaanika, akaegemea ua kwa viwiko vyote viwili.

"Nikuletee kisu, baba Jonasi?" aliuliza.

"Asikate," Yunisi alisema. "Afungue."

Hezron aliinama zaidi, akaishika kamba kwa meno, akavuta. Gia ya Fuso iliingia, mlio wake ukaanza kusogea mbali kuelekea barabara ya Msangano, mpaka sauti za kuku zikasikika tena. Yunisi hakugeuka kulitazama. Alikaa kwenye kizingiti, akavua kiatu kimoja, akakiweka kando, na kile cha pili akakiacha mguuni.

Fundo la kwanza lilikubali. Hezron aliinua macho kwa mke wake. Hakuwa anaiwaza sukari, wala simu ya mkwe, wala mama yake. Alikuwa anawaza ule mkwaruzo mmoja wa kalamu, uliangukia wapi. Alitaka kuuliza. Lakini fundo la pili lilikuwa tayari katikati ya meno yake.